Uvimbe Unaorudi: Historia ya Utambuzi na Upasuaji wa Vivimbe vya Kuzaliwa vya Shingo kwa Mtazamo wa Mitwero na Pwani ya Lindi

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya utambuzi na upasuaji wa vivimbe vya shingo ambavyo mtu huzaliwa navyo. Mkazo umewekwa kwenye kivimbe kinachotokana na mabaki ya mfereji uliounganisha ulimi na tezi ya dundumio mtoto alipokuwa tumboni. Hoja kuu ni kwamba upasuaji unaoponya maradhi haya haukuzaliwa na kisu kikali zaidi, bali na wagonjwa waliorudi kwa daktari wao na kuandikwa kwamba wamerudi. Katika pwani ya Lindi, umbali, mito na uhaba wa kumbukumbu vilimzuia mgonjwa kurudi, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ni kupona. Insha inafuatilia safari ya maarifa haya kuanzia Ulaya na Marekani katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kisha inayaweka katika historia ya huduma za upasuaji za Jimbo la Kusini la Tanganyika, na hatimaye inaonesha maana yake kwa familia ya Mitwero leo.

1. Utangulizi

Wahenga walisema dawa ya jipu ni kulitumbua. Usemi huu una hekima kubwa, na kwa majipu mengi ni kweli tupu. Hata hivyo, upo uvimbe mmoja wa shingo ambao, ukitibiwa kwa hekima hiyo, hugeuka kuwa kidonda kisichofunga. Uvimbe huo huonekana katikati ya shingo, juu kidogo ya koromeo, na mara nyingi hujitokeza kwa mtoto au kijana aliyeonekana mzima tangu kuzaliwa.

Ili msomaji aione hoja kwa macho yake, natumia mfano wa kufikirika wa mtoto wa miaka 7 anayeishi Mitwero, katika Manispaa ya Lindi. Mama yake, akimwogesha, anagusa kitu laini cha mviringo shingoni, kikubwa kama korosho iliyobanguliwa. Hakimuumi. Miezi inapita. Mtoto anapata mafua, kile kitu kinavimba, ngozi inakuwa nyekundu na joto linapanda. Anapewa dawa za kuua vijidudu, uvimbe unanywea, familia inashukuru. Baada ya mafua mengine uvimbe unarudi. Safari hii unapasuliwa, usaha unatoka, kidonda kinafungwa kwa bandeji. Wiki kadhaa baadaye tundu dogo linabaki shingoni likitoa ute. Linafunga na kufunguka, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto anajifunza kuinua ukosi wa shati lake la shule.

Hakuna aliyefanya uzembe katika mfano huu. Kila hatua ilikuwa na mantiki yake kwa aliyeuona uvimbe siku ile. Kilichokosekana ni kuiona hadithi nzima ya uvimbe: ulikotoka, uliwahi kutibiwa vipi na mara ngapi ulirudi. Kwa sababu hiyo maradhi haya yanastahili kusomwa kwa jicho la mwanahistoria na si la daktari peke yake.

2. Majina ya uvimbe na njia za tiba

Kiswahili kina majina mengi ya mavimbe, na kila jina huja na tiba yake. Jipu hutumbuliwa. Mtoki hutafutiwa kidonda kilichousababisha. Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya dundumio ambayo hospitalini huitwa thairoidi, huhusishwa na upungufu wa madini ya joto. Tezi za shingo zinazovimba bila maumivu makali na kudumu humfanya mhudumu wa afya afikirie kifua kikuu cha tezi, maradhi ambayo hayajawahi kuwa mageni katika nchi yetu. Kwa hiyo anayeutaja uvimbe kwa jina fulani huwa amekwisha kuuchagulia njia.

Kivimbe cha kuzaliwa hakina jina lake katika orodha hiyo. Ni kifuko chenye ukuta wake na majimaji au ute ndani yake. Si usaha, si nyama iliyokua, wala si tezi iliyovimba. Kwa kukosa jina huazima jina la jirani. Kikiwa katikati ya shingo huitwa rovu, kikiwa pembeni huitwa tezi, na kikiingiwa na vijidudu huitwa jipu.

Suala la rovu linahitaji maelezo zaidi kwa kuwa lina sura ya pekee katika pwani. Rovu lilienea hasa katika nyanda za juu za Tanzania, ambako udongo na chakula vina madini joto kidogo. Kuanzia miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 ikaweka kanuni za kuyatia katika chumvi. Wakazi wa pwani, walaji wa samaki, hawakuwa walengwa wa kwanza. Pamoja na hayo, Lindi na Kilwa ni nchi ya mashamba ya chumvi, na chumvi ya wazalishaji wadogo mara nyingi humfikia mlaji kabla ya kutiwa madini joto. Kwa hiyo mhudumu wa Lindi hawezi kulifuta rovu katika mawazo yake, wala hawezi kuuita kila uvimbe wa katikati ya shingo kwa jina hilo.

3. Asili: kutoka matamvua hadi mfereji wa ulimi

Maarifa ya vivimbe hivi yalianzia mbali na chumba cha upasuaji. Mwaka 1825 Heinrich Rathke, mwanasayansi wa Kijerumani, alieleza kwamba viinitete vya nguruwe huwa na mifereji shingoni inayofanana na matamvua ya samaki. Muda si mrefu mifereji kama hiyo ilionekana katika kiinitete cha binadamu. Mwanadamu, kabla ya kuwa na shingo, hupitia hatua ambayo sehemu hiyo ya mwili imepangwa kwa matao na mifereji, na baadaye matao hayo hugeuka kuwa taya, mifupa midogo ya sikio, mfupa wa hayoidi na gegedu za zoloto. Mwaka 1832 Ferdinand Ascherson aliunganisha mifereji hiyo na vivimbe na matundu yanayoonekana pembeni mwa shingo za watu wazima. Mwaka 1843 Adolph Wernher alieleza aina nyingine, yaani uvimbe laini wa vifuko vingi unaotokana na mishipa ya limfu, ambao mara nyingi huonekana kwa mtoto mchanga.

Kivimbe cha katikati kilisubiri hadi 1885, pale Wilhelm His alipoeleza safari ya tezi ya dundumio. Tezi hii haizaliwi mahali tunapoikuta. Huanzia kwenye shina la ulimi, katika wiki za mwanzo za mimba, kisha hushuka katikati ya shingo hadi chini ya zoloto. Katika kushuka huacha nyuma yake mfereji mwembamba kama uzi. Kwa kawaida mfereji huo hunyauka na kupotea kabla ya wiki ya 10. Usiponyauka wote, mabaki yake yanaweza kutoa ute, ute ukajikusanya, na kivimbe kikajitokeza miaka mingi baadaye.

Jambo moja katika maelezo hayo lilikuja kuwa na uzito mkubwa. Njia ya kushuka ya tezi hukutana na mahali pa mfupa wa hayoidi, ule mfupa mdogo wenye umbo la kwato ya farasi ulio juu ya koromeo. Mfupa huo hujiunda wakati mfereji ungalipo, na kwa hiyo mfereji unaweza kupita mbele yake, nyuma yake au kuambatana nao kwa namna ambayo jicho haliwezi kuitenganisha. Mpasuaji anayetoa kifuko na kuuacha mfupa anaweza kuwa ameacha sehemu ya mfereji. Kisima kimefukiwa, lakini chemchemi haijaguswa.

4. Kisu kilichofuata njia

Wapasuaji wa karne ya 19 walitoa kifuko walichokiona. Kwa takribani nusu ya wagonjwa uvimbe ulirudi. Mwaka 1893 Schlange, mpasuaji wa Kijerumani, alipendekeza kuondoa sehemu ya kati ya mfupa wa hayoidi pamoja na kifuko. Marudio yakapungua hadi karibu mgonjwa 1 katika kila 5. Bado uvimbe ulirudi, safari hii kutoka juu ya mfupa, kwa kuwa mfereji huendelea hadi kwenye shina la ulimi.

Jibu lililodumu lilitolewa mwaka 1920 na Walter Ellis Sistrunk wa Mayo Clinic, katika mji wa Rochester, Minnesota, nchini Marekani. Sistrunk alitoa kifuko, akatoa sehemu ya kati ya mfupa, kisha akaondoa mhimili mwembamba wa nyama kutoka kwenye mfupa hadi karibu na kitundu kilicho kwenye shina la ulimi. Hakujaribu kuuchuna mfereji wenyewe, kwa sababu ni mwembamba, hukatika na wakati mwingine hugawanyika matawi. Aliitoa njia nzima pamoja na milimita chache za nyama iliyouzunguka. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonesha kuwa kwa upasuaji huu marudio hubaki chini ya asilimia 10, na mara nyingi chini zaidi ya hapo. Zaidi ya miaka 100 imepita, na upasuaji huo ungali kipimo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho.

Swali la mwanahistoria ni hili: kwa nini hapo, na kwa nini wakati huo? Anatomia ilikuwa imefahamika tangu 1885. Visu, nyuzi na nusukaputi vilikuwepo katika miji mingi. Jambo moja la Rochester lastahili kuangaliwa. Mwaka 1907 daktari Henry Plummer wa hospitali hiyohiyo alianzisha utaratibu wa kila mgonjwa kuwa na jalada moja chini ya namba moja, ambamo ziara zake zote, kwa madaktari wote, ziliandikwa. Kabla ya hapo, katika hospitali nyingi, kila daktari alikuwa na daftari lake. Mgonjwa aliyerudi baada ya miaka 3 kwa daktari mwingine alionekana mgeni. Kwa jalada moja, kurudi kwake kulionekana, na marudio yakageuka kutoka fedheha ya mtu binafsi kuwa ushahidi wa pamoja. Sidai kwamba jalada ndilo lililoshika kisu. Nadai kwamba mpasuaji asiyejua ni wangapi waliorudi hana sababu ya kubadilisha mkono wake.

Kipindi hichohicho kilitoa onyo la pili. Mwaka 1883 Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliwaita tena wagonjwa aliowatoa tezi yote ya dundumio kwa sababu ya rovu. Aliwakuta wengi wao wamevimba, wamezubaa, na waliokuwa watoto wamedumaa. Tezi aliyoihesabu kuwa mzigo ilikuwa ya lazima kwa mwili. Onyo hilo linahusu mada yetu moja kwa moja. Kwa wachache, tezi hukwama njiani katika kushuka kwake, na uvimbe unaoonekana katikati ya shingo ndiyo tezi pekee ya dundumio waliyo nayo. Anayeutoa bila kuhakiki kwanza anaweza kumwacha mtoto akihitaji dawa kila siku ya maisha yake. Kocher naye aligundua hilo kwa sababu aliwaita wagonjwa warudi.

5. Jimbo la Kusini, 1906–1964

Maarifa hayo yalipokuwa yakikomaa, pwani ya Lindi ilikuwa ikitoka katika majivu. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 vilibomoa vijiji na kuleta njaa, na misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa mwaka 1905. Mwaka 1906 Wabenediktini walianzisha kituo cha Ndanda, ambacho hospitali yake ilikuja kuwa miongoni mwa nguzo za tiba za kusini. Baadaye Nyangao nayo, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, ilipata hospitali. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifanya kazi upande wa Masasi. Chini ya Waingereza, Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya makao hayo kuhamia Mtwara, na mashamba ya mkonge kama Kikwetu yalivuta vibarua, wakiwemo watu waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji.

Mtu anayeieleza vizuri hali ya upasuaji wa zama hizo ni Leader Stirling. Daktari huyu Mwingereza, aliyezaliwa 1906, aliwasili Tanganyika mwaka 1935 kuitumikia UMCA, akafanya kazi Lulindi katika wilaya ya Masasi. Baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, na kuanzia 1949 hadi 1964 alihudumu Mnero, katika nchi ya Nachingwea, kabla ya kuhamia Kibosho. Aliandika kumbukumbu zake katika vitabu viwili, *Bush Doctor* cha 1947 na *Tanzanian Doctor* cha 1977, na alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Maisha yake yanaonesha kuwa upasuaji mkubwa uliwezekana katika majengo ya miti na udongo, palipokuwa na mikono iliyofundishwa, wasaidizi Waafrika waliojifunza kazi kwa vitendo, maji yaliyochemshwa na nidhamu. Hivyo kusema kwamba kusini hakukuwa na upasuaji ni kuikosea haki historia yake.

Ugumu ulikuwa katika aina ya maradhi yaliyopata nafasi. Daktari mmoja mwenye wagonjwa wengi mno alilazimika kuwatanguliza mama aliyeshindwa kujifungua, ngiri iliyojinyonga na mfupa uliovunjika. Kivimbe kisichouma shingoni mwa mtoto kilisubiri. Kilipotoa usaha kikawa dharura ndogo, kikapasuliwa kama jipu, na mgonjwa akaruhusiwa. Rejista ya hospitali ya aina hiyo huandika tarehe ya kuingia, kazi iliyofanyika na tarehe ya kutoka. Haina safu ya yaliyotokea mwaka wa pili.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na njia nyingine za kwenda. Pwani yetu ina mapokeo marefu ya waganga wanaochanja chale, wanaoumika na wanaokata kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kwa imani kwamba ndicho chanzo cha kikohozi na maradhi ya koo kwa watoto. Hospitali inaposhindwa kuumaliza uvimbe wa shingo, familia haitoi hukumu juu ya mfereji wa ulimi, hutoa hukumu juu ya hospitali. Huenda kwingine. Daktari asipomwona tena mgonjwa huandika moyoni mwake kwamba amepona.

6. Mto Rufiji na maana ya kurudi

Baada ya uhuru wa 1961 taifa lilijitahidi kupanua mikono yake. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 na baadaye ikakua kuwa chuo kikuu cha Muhimbili. Kada ya madaktari wasaidizi, waliotoka katika utabibu na kufundishwa kufanya upasuaji wa lazima, ikawa uti wa mgongo wa hospitali za wilaya. Azimio la Arusha la 1967 lilielekeza nguvu vijijini, na zahanati zikaenea. Mafanikio hayo ni ya kweli, na watoto wengi wa Lindi ni wazima kwa sababu yake.

Hata hivyo, maradhi yanayohitaji mpasuaji bingwa wa masikio, pua na koo au wa watoto yalibaki na anwani moja, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kaskazini. Reli ya Jimbo la Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga na kufunguliwa 1949, haikuelekea huko, na mwaka 1962 ilifungwa. Msafiri wa barabara alifika Ndundu akasubiri kivuko cha Rufiji. Mvua za masika zilipozidi, barabara ilikatika na kusini kukawa kama kisiwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kisiwa hicho kiliunganishwa na nchi, ingawa kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri kwa miaka kadhaa kabla ya kutiwa lami. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya zilipobomoa barabara upande wa Somanga, wakazi wa Lindi walikumbushwa kwamba umoja huo bado una mshono dhaifu.

Jiografia hii huelezwa mara nyingi kama kikwazo cha kwenda hospitali. Ninapendekeza isomwe pia kama kikwazo cha kurudi. Familia inaweza kuuza korosho za msimu mmoja ili kumpeleka mtoto kwenye upasuaji. Ni vigumu zaidi kupata fedha hizo mara ya pili ili kumwambia mpasuaji kwamba kazi yake haikufaulu. Sera ya afya inawasamehe gharama watoto walio chini ya miaka 5, lakini vivimbe vingi vya aina hii hujitokeza au kuingiwa na vijidudu baada ya umri huo. Kwa hiyo mzigo wa kurudi huangukia mfuko wa mzazi.

Athari yake kwa maarifa ni kubwa. Bern na Rochester zilijifunza kutokana na waliorudi. Pwani yetu ilipoteza walimu hao njiani, kati ya Lindi na Rufiji.

7. Utambuzi katika mazingira ya Mitwero

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni mashine. Historia inaonesha vinginevyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya utambuzi inahitaji vitu ambavyo zahanati yoyote inavyo.

Kwanza ni mahali. Kivimbe cha mfereji wa ulimi hukaa katikati ya shingo au karibu sana na katikati. Kivimbe cha matamvua hukaa pembeni, mbele ya msuli mkubwa unaotoka nyuma ya sikio kushuka kifuani. Aina adimu ya matamvua ya kwanza hukaa karibu na sikio na pembe ya taya, na huko mpasuaji huhofia mshipa wa fahamu unaoendesha uso, kwa kuwa ukikatwa uso hupooza upande mmoja. Uvimbe wa limfu hupenda upande wa nyuma wa shingo ya mtoto mchanga.

Pili ni ulimi. Mtoto akitoa ulimi nje, kivimbe cha mfereji hupanda juu, kwa sababu kimefungamana na shina la ulimi na mfupa wa hayoidi. Akimeza mate hupanda pia, lakini hata rovu hupanda wakati wa kumeza. Hivyo kipimo cha ulimi ndicho kinachosaidia kutenganisha. Si kipimo kisichokosea, lakini hakigharimu hata senti.

Tatu ni tochi. Katika chumba chenye giza, nuru ikiwekwa upande mmoja wa uvimbe wa limfu, uvimbe wote hung'aa kama chemli. Tezi ya kifua kikuu haing'ai.

Nne ni masimulizi. Uvimbe uliovimba na kunywea kila baada ya mafua, au uliopasuliwa zaidi ya mara moja, unajitaja wenyewe. Swali "uliwahi kupasuliwa?" lina thamani kuliko vipimo vingi.

Tano ndiyo mashine, nayo ina kazi moja isiyo na mbadala mwepesi. Altrasaundi huonesha kama tezi ya dundumio ipo mahali pake chini ya zoloto. Ikiwepo, upasuaji unaweza kupangwa kwa amani. Isipoonekana, kisu hakina budi kusubiri uchunguzi zaidi. Hili ndilo somo la Kocher, na siku hizi linaweza kutekelezwa katika hospitali ya mkoa.

Tahadhari ya mwisho inawahusu watu wazima. Kivimbe cha pembeni kinachojitokeza kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyevuka miaka 40 kisihesabiwe kuwa cha kuzaliwa mpaka saratani ya koo iliyosambaa kwenye tezi itafutwe na kukosekana. Vilevile kila kifuko kilichotolewa, hata cha mtoto, kinastahili kupimwa maabara, kwa kuwa katika takribani mgonjwa 1 kwa kila 100 mabaki ya mfereji huwa na saratani ya dundumio.

Kuhusu tiba, kanuni ya kwanza ni subira. Kivimbe chenye vijidudu hutulizwa kwa dawa. Ikilazimu kupunguza usaha, hufyonzwa kwa sindano kuliko kupasuliwa kwa mkato mpana, kwa kuwa mkato huharibu mipaka ambayo mpasuaji wa baadaye ataitegemea. Wekundu ukishatulia kwa wiki kadhaa, upasuaji wa Sistrunk hufanyika chini ya nusukaputi, mrija ukiwa umeilinda njia ya hewa. Mvimbo au damu inayojikusanya shingoni baada ya upasuaji inaweza kuziba pumzi, hivyo saa za kwanza zinahitaji muuguzi aliye macho. Uvimbe wa limfu una njia nyingine, kwani baadhi hutibiwa kwa sindano za dawa zinazokausha vifuko, ikiwemo bleomisini.

8. Hitimisho

Mwaka 2015 Azimio la 68.15 la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani lilitamka kuwa upasuaji na nusukaputi ni sehemu ya huduma za afya kwa wote, na mwaka 2018 Tanzania ikawa na mpango wa taifa wa huduma hizo. Hospitali ya rufaa ya kanda iliyojengwa Mtwara imepunguza safari ya watu wa kusini. Kwa vigezo vya majengo na vifaa, mtoto wa Mitwero yuko karibu na tiba kuliko wakati wowote katika historia ya pwani hii.

Lakini historia iliyofuatiliwa hapa inaonya kwamba ukaribu wa kisu hautoshi. Kivimbe cha mfereji wa ulimi hurudi kwa sababu mtu alikata alichokiona akaacha kilikotoka. Maarifa yake nayo yalikua pale tu palipokuwa na njia ya kuona kilichotokea baada ya mgonjwa kutoka hospitali. Mgonjwa asiyerudi si lazima amepona. Huenda amekosa nauli, amekata tamaa, au amekwenda kwa mwingine.

Katika nchi yetu mgonjwa wa nje hubeba historia yake mwenyewe katika daftari la shule lenye jina lake juu ya jalada. Daftari hilo hulowa, hupotea au hujaa na kutupwa. Hata hivyo ndilo jalada lililo karibu zaidi na lile la Plummer. Mhudumu anayepasua usaha shingoni mwa mtoto anaweza kuandika humo mahali pa uvimbe, kama ulipanda ulimi ulipotolewa, na kwamba umepasuliwa mara ya kwanza. Mpasuaji anayemaliza kazi anaweza kuandika sentensi moja: mfupa wa hayoidi umetolewa, au haukutolewa. Simu iliyo mkononi mwa mama inaweza kupigwa baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, ili aulizwe kama tundu limefunga. Gharama ya mambo haya matatu ni ndogo kuliko nauli ya safari moja ya kwenda Dar es Salaam. Yakifanyika, Lindi nayo itaanza kufundishwa na wagonjwa wake, na mtoto wa Mitwero hatalazimika kuinua ukosi wa shati.